LearnEnglish ya British Council na sentensi za sharti lisilo halisi: mapitio kwa wasomaji wa Kiswahili

Miongoni mwa huduma za bure za kujifunza Kiingereza kwa njia ya intaneti, LearnEnglish ya British Council ndiyo ninayowaelekeza wanafunzi wangu mara nyingi zaidi, wawe wa sekondari au watu wazima wanaojiandaa na usaili wa kazi. Katika mapitio haya nimeiangalia kwa jambo moja tu, nalo ni namna inavyomsaidia mtu kuchagua umbo sahihi la sentensi ya sharti pale jambo linalozungumzwa halipo, halielekei kutokea, au limekwisha kupita bila kutokea. Nimelichagua kwa sababu hapo ndipo mzungumzaji wa Kiswahili hukwama hata baada ya kuyamudu mengine. Anaweza kuandika barua nzuri ya kuomba kazi na kujieleza vizuri mbele ya wasaili, kisha akaulizwa angefanya nini kama angekabidhiwa idara ile aiongoze, na Kiingereza chote kikamvurugikia mdomoni. Hukumu yangu naitoa mapema: masomo haya ni mazuri, yameandikwa kwa uangalifu na yanastahili muda wa msomaji, ila yamepangwa kwa namna inayomfanya mwanafunzi ayapite maelezo yaliyo bora kuliko yote bila kujua kwamba yapo.

British Council ni taasisi ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1934, nayo ina ofisi Dar es Salaam na Nairobi. Masomo yake ya sarufi mtandaoni yamegawanywa kwa ngazi za kipimo cha Ulaya cha umahiri wa lugha, kuanzia A1 ya wanaoanza hadi C1 ya waliobobea. Sentensi za sharti ziko katika ngazi ya B1 na B2, na zimegawanywa katika kurasa mbili: wa kwanza unashughulikia sharti sifuri (la mambo yaliyo kweli siku zote), la kwanza na la pili, na wa pili unashughulikia sharti la tatu pamoja na sentensi za mchanganyiko. Ukurasa mwingine umetengwa kwa ajili ya kitenzi "wish" na msemo "if only", ambao Mswahili angeuelewa mara moja akiambiwa kwamba ndipo tunaposema "laiti". Kila somo hufuata mpangilio uleule: mifano michache ya kufungulia, jaribio fupi, maelezo, kisha jaribio la pili. Napenda kwamba jaribio linatangulia maelezo. Mwanafunzi aliyezoea kunakili kanuni ubaoni hulazimika kwanza kuona mahali anapopwaya, na akifika kwenye maelezo huyasoma kama mtu anayetafuta jibu lake mwenyewe.

Kabla ya kuyapima maelezo hayo, ni vizuri tukumbuke msomaji wetu anafika na nini kichwani. Kiswahili kina mfumo wake wa sharti, tena mfumo ulio wazi. Jambo linaloweza kutokea tunalisema kwa kiambishi -ki-: "Nikipata fedha, nitanunua kiwanja." Jambo la kuwaza tu tunalisema kwa -nge-: "Ningekuwa na fedha, ningenunua kiwanja." Jambo lililopita bila kutokea vitabu vya sarufi hutufundisha kulisema kwa -ngali-, na wengine husema -ngeli-: "Ningalikuwa na fedha mwaka jana, ningalinunua kiwanja kile." Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, -nge- imetanda kote, na mtu husema "Ningejua, nisingekuja" akiwa tayari amekaa kwenye kiti cha mkutano unaomchosha. Msikilizaji hapotei, kwa sababu muktadha unamwambia kwamba ni habari ya wakati uliopita. Kiingereza hakitoi ruhusa hiyo. Kinamdai msemaji aamue kabla ya kufungua kinywa kama jambo lake la kuwaza ni la sasa au ni la wakati uliokwisha kupita, na kila upande una umbo lake.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi, ni kwamba Kiswahili hupenda vishazi viwili vya sentensi hii vifanane. Tukiweka -nge- upande wa sharti, tunaweka -nge- upande wa matokeo. Tukiweka -ngali- huku, tunaweka -ngali- kule. Sikio la Mswahili limelelewa na ulinganifu huo tangu utotoni. Kiingereza sanifu hakilinganishi: upande wa sharti kinaweka umbo la wakati uliopita, na upande wa matokeo kinaweka "would". Ndiyo maana mwanafunzi mwenye akili kabisa, aliyesoma kanuni akaielewa, huandika "If I would have money, I would buy that plot" bila kuona kosa lolote. Anachofanya ni kuiheshimu sarufi yake mwenyewe. Mwalimu anayemkata alama kwa wino mwekundu pasipo kumwonyesha chanzo cha kosa hilo hajamsaidia, na wiki mbili baadaye kosa litarudi.

Sasa, LearnEnglish inafanya nini juu ya hayo? Ukurasa wa sharti la kwanza na la pili unaeleza kwa lugha nyepesi kwamba umbo la kwanza ni la jambo linaloweza kutokea wakati ujao, na la pili ni la jambo la kuwaza, ama la sasa ama la wakati ujao, ambalo halielekei kutokea au haliwezekani kabisa. Unaonyesha pia kwamba mahali pa "if" panaweza kukaa "unless" au "as long as", jambo linalowasaidia sana wanaoandika barua za kiofisi. Maelezo haya ni sahihi na yametosha kwa mtu wa lugha yoyote. Kwa Mswahili yangeweza kufupishwa zaidi, kwa kuwa uamuzi wa kuchagua kati ya la kwanza na la pili tumekwisha kuufanya katika lugha yetu: ukiona kwamba Kiswahili chako kinataka -ki-, andika sharti la kwanza, na ukiona kinataka -nge- kwa habari ya sasa au ya kesho, andika la pili. Mgombea anayesema "Nikichaguliwa, nitajenga zahanati" atasema kwa Kiingereza "If I am elected, I will build a dispensary." Mwananchi ambaye hajachukua fomu wala hana nia ya kuichukua atasema "Ningechaguliwa, ningejenga zahanati", yaani "If I were elected, I would build a dispensary." Kazi ni ileile na zahanati ni ileile. Kinachobadilika ni msimamo wa msemaji kuhusu kama jambo hilo limo katika njia ya kutokea. Katika uzoefu wangu daraja hili linashika upesi kuliko maelezo yoyote ya "uwezekano mkubwa" na "uwezekano mdogo", ambayo humwacha mwanafunzi akijiuliza uwezekano wa kati uwekwe wapi.

Swali ambalo wanafunzi wote huuliza ni hili: ikiwa ninazungumzia leo, kwa nini niandike kitenzi cha jana? Kwa nini "If I had money" wakati fedha ninazitaka sasa hivi? Ukurasa wa masomo unatoa kanuni na kuendelea. Jibu lenyewe lipo katika LearnEnglish, ila liko mahali pengine, kwenye sehemu ya rejea ya sarufi ambayo haimo katika mfuatano wa ngazi. Huko, katika maelezo ya wakati uliopita, imeandikwa wazi kwamba Kiingereza hutumia maumbo ya wakati uliopita kwa kazi tatu: kuzungumzia yaliyopita, kuzungumzia mambo ya kuwaza, na kuonyesha adabu. Maelezo hayo machache ndiyo ninayoyahesabu kuwa bora kuliko yote katika huduma nzima kuhusu suala hili, kwa sababu yanamwondolea mwanafunzi dhana kwamba umbo la kitenzi ni saa ya ukutani. Umbo la wakati uliopita linaweka umbali. Umbali huo unaweza kuwa wa wakati, unaweza kuwa wa uhalisia, na unaweza kuwa wa heshima kati ya msemaji na msikilizaji.

Mswahili hana sababu ya kuliona hili kuwa geni. Msikilize mteja mstaarabu anayeingia dukani Kariakoo: "Samahani kaka, nilikuwa naulizia bei ya kitambaa hiki." Anauliza sasa, amesimama hapo hapo, kitambaa kiko mkononi mwake, lakini anasema "nilikuwa". Hakuna anayemwuliza alikuwa anaulizia lini. Sote tunaelewa kwamba amerudi nyuma hatua moja ili asionekane anamshurutisha mwenye duka. Vivyo hivyo tunasema "Ningeomba maji ya kunywa" tukiwa na kiu ya kweli. Mwanafunzi akionyeshwa kwamba katika lugha yake mwenyewe umbo la jana hutumika leo kwa ajili ya adabu, anakuwa tayari kukubali kwamba katika Kiingereza umbo hilohilo hutumika leo kwa ajili ya kuwaza. Ningependa kuona sehemu hiyo ya rejea ikiunganishwa waziwazi na ukurasa wa sharti la pili, au hata ikitangulizwa mbele yake. Kwa sasa namshauri kila anayeanza aisome kwanza hiyo, ndipo aingie kwenye masomo ya ngazi.

Kuna faida nyingine ya kuanzia huko. Mgawanyo wa sharti la kwanza, la pili na la tatu ni ngazi ya kupandia tu, na lugha yenyewe haiishii hapo. Chukua sentensi hii: "If he was at the meeting, he heard the announcement." Ina "if", ina kitenzi cha wakati uliopita, lakini hakuna kitu cha kuwaza ndani yake. Msemaji hajui kama bwana huyo alikuwepo, na anasema kwamba kama alikuwepo basi tangazo alilisikia. Kiswahili hapa hakitumii -nge- hata kidogo: "Kama alikuwepo mkutanoni, alisikia tangazo." Mwanafunzi aliyekariri namba tatu hukutana na sentensi kama hiyo gazetini, akadhani ni sharti la pili lililokosewa. Aliyeelewa habari ya umbali huona mara moja kwamba wakati uliopita hapa unafanya kazi yake ya kawaida. Mgawanyo wa namba hauna chumba cha kuiweka sentensi hii, na hilo si kosa la British Council peke yake, kwa kuwa karibu ufundishaji wote wa Kiingereza kwa wageni umejengwa juu ya namba hizo.

Kuhusu "were", nitasema machache. Kiingereza rasmi hupendelea "If I were" na "If she were" kwa mambo ya kuwaza, huku mazungumzo yakiruhusu pia "was". Kwa msomaji anayefanya mitihani au kuandika barua rasmi, ashike "were" kwa nafsi zote na asihangaike zaidi.

Ukurasa wa sharti la tatu na mchanganyiko ndio niliousoma kwa makini kuliko yote. Unaeleza vizuri kwamba sharti la tatu ni la mambo yaliyopita ambayo hayakutokea: upande wa sharti unawekwa "had" na umbo la tatu la kitenzi, na upande wa matokeo unawekwa "would have" na umbo la tatu la kitenzi. Mkulima ambaye mvua za masika zilimkosa atasema "If the rains had come in March, we would have planted maize", yaani mvua zingalikuja mwezi Machi, tungalipanda mahindi. Mpaka hapo mambo ni mepesi. Ugumu unakuja pale Waingereza wanapozungumza kwa kasi yao ya kawaida na kuyafupisha maneno, wakasema "If I'd known, I'd have come." Mwanafunzi anaona "I'd" mbili. Sikio lake lililolelewa na ulinganifu wa Kiswahili linamwambia kwamba mbili hizo ni kitu kimoja, kama vile "ningalijua" na "ningalikuja" zilivyo kitu kimoja. Kwa kuwa anajua hakika kwamba ya pili ni "I would", anahitimisha kwamba hata ya kwanza ni "I would", na siku ya kuandika kwa kirefu anaandika "If I would have known." Ukweli ni kwamba ya kwanza ni "I had" na ya pili ni "I would", ufupisho umeyafanya maneno mawili tofauti yavae nguo moja.

Hapa ndipo ningemwomba mwandishi wa somo lolote la sharti la tatu atulie na kukaa kwa muda. Njia ya kuthibitisha ni rahisi na mwanafunzi anaweza kuitumia peke yake: aangalie kitenzi kinachofuata ufupisho. Ufupisho ukifuatwa moja kwa moja na umbo la tatu, kama "known" au "seen", ni wa "had". Ukifuatwa na "have" au na kitenzi katika umbo lake la msingi, kama "go" au "know", ni wa "would". Tatizo linabaki kwa vitenzi ambavyo umbo la msingi na la tatu ni moja, kama "come" na "put", na hapo muktadha ndio utakaoamua. Nimewaona watu wakifanya zoezi hili kwa kusikiliza mahojiano ya redio na kusimamisha kila wanaposikia sauti hiyo, na baada ya muda mfupi masikio yao yanaanza kutenganisha yenyewe.

Ni haki pia kumweleza msomaji kwamba "If I would have known" atalisikia kutoka kwa Wamarekani wengi katika mazungumzo, tena watu waliosoma. Asishangae, na asimsahihishe mtu mbele za watu. Katika maandishi rasmi na katika mitihani, hata hivyo, umbo hilo linahesabiwa kuwa kosa. Na kanuni isemayo kwamba "would" haikai kamwe baada ya "if" nayo ina upungufu wake: karani wa mapokezi akikuambia "If you would wait here, please", amesema Kiingereza safi, kwa kuwa "would" hiyo ni ya kuomba hiari yako, wala hawazi jambo lisilokuwepo. Ningependelea mwanafunzi aambiwe hivyo mapema kuliko kupewa katazo la jumla ambalo hoteli ya kwanza atakayoingia italivunja.

Sentensi za mchanganyiko, ambazo wanafunzi wengi huziogopa kwa sababu ya jina lake tu, kwa Mswahili ni jambo jepesi kuliko linavyoonekana. Licha ya mazoea yetu ya ulinganifu, tunasema bila taabu "Ningalisoma kwa bidii wakati ule, leo ningekuwa daktari", sharti likiwa la jana na matokeo yakiwa ya leo. Kiingereza kinafanya hivyohivyo: "If I had studied hard then, I would be a doctor today." Kinyume chake pia kipo, sharti la hali ya kudumu na matokeo yaliyopita: "If she weren't so honest, she would have taken the money", kwa kuwa uaminifu wake ni wa leo na wa siku zote, lakini fedha zile zilikuwa za siku moja iliyopita. LearnEnglish inazieleza aina hizi mbili pamoja na sharti la tatu katika ukurasa mmoja, na nadhani huo ni uamuzi wa busara, kwa sababu unamfundisha mwanafunzi kukiamulia kila kishazi wakati wake peke yake. Huo ndio ujuzi wenyewe. Mtu akishajua kuuliza, kwanza, sharti langu ni la lini, na pili, matokeo yangu ni ya lini, hana tena haja ya kukumbuka namba.

Kwenye "wish" mambo ni mazuri kwa ujumla. Ukurasa unatenganisha matamanio ya sasa, majuto ya wakati uliopita, na malalamiko juu ya tabia ya mtu mwingine. "I wish I knew" ni laiti ningejua sasa; "I wish I had known" ni laiti ningalijua wakati ule; na "I wish you would stop shouting" ni ya mtu aliyechoshwa na kelele za mwenzake. Aina hii ya tatu ndiyo inayohitaji mkazo, kwa sababu haisemwi juu ya nafsi ya msemaji mwenyewe: hatusemi "I wish I would speak better", tunasema "I wish I could speak better". Mwanafunzi anayefasiri "natamani ningeongea vizuri zaidi" huangukia hapo karibu kila mara.

Upungufu mkubwa wa huduma hii uko katika majaribio yake. Ni mazuri kwa kutambua, kwa sababu mwanafunzi huchagua jibu kati ya yaliyopo au hupanga na kulinganisha, na matokeo huyapata papo hapo. Lakini kulitambua umbo sahihi lililokwisha kuandikwa ni jambo moja, na kulitunga mwenyewe ni jambo jingine. Mitihani yetu inataka la pili. Karatasi za Kiingereza za kidato cha nne Tanzania, na karatasi ya pili ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, zina desturi ya kumpa mtahiniwa sentensi na kumtaka aiandike upya kwa maelekezo, kwa mfano aianze kwa "If" au kwa "Had". Anapewa "The driver was careless, so the bus overturned", naye anatakiwa atoe "If the driver had not been careless, the bus would not have overturned", akigeuza kukubali kuwa kukanusha katika pande zote mbili. Ugeuzaji huo ndio unaowaangusha wengi, kwa sababu habari ya kweli na habari ya kuwaza hukanushana: kilichotokea kinakanushwa, na kisichotokea kinakubaliwa. Majaribio ya kuchagua hayamfikishi mtu huko. Kwa hiyo ninaowafundisha huwapa kazi ya ziada: baada ya kila somo, kila mmoja achukue habari tano za kweli kutoka gazeti la siku hiyo na kuandika chini ya kila moja ingekuwaje kama isingetokea. Kazi hiyo huduma haiwezi kuisahihisha yenyewe, kwa hiyo inahitaji mwalimu, au angalau mwenzako anayejua.

Kuhusu lugha ya maelezo, yote yako kwa Kiingereza. Kwa mtu wa B1 hilo si kizuizi, maana Kiingereza chake ni chepesi na mifano ni ya maisha ya kawaida. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyetoka shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili atahitaji mtu wa kumfungulia njia. Na kwa kuwa masomo yameandikwa kwa ajili ya watu wa dunia nzima, hayawezi kutarajiwa kumweleza Mswahili habari ya -nge- na -ngali-. Kazi hiyo ni yetu walimu wa huku, na ni kazi tuliyoichelewesha. Chini ya masomo kuna nafasi ya wanafunzi kuuliza maswali, ambapo wahusika wa huduma huyajibu kwa subira inayostahili sifa. Nawashauri wasomaji wasiishie kwenye somo tu, washuke wasome maswali hayo, kwa sababu mara nyingi swali lako limekwisha kuulizwa na mtu wa nchi nyingine mwenye shida ileile.

Kwa upande wa gharama, masomo haya ya sarufi ni ya bure, ingawa British Council ina pia kozi za kulipia zenye walimu, ambazo sikuzigusa katika mapitio haya. Kurasa zake za maelezo ni za maandishi, hivyo bando linaloishia kwenye video moja litakuvusha masomo kadhaa ya namna hii.

Nimeyalinganisha pia na kurasa za sarufi zilizomo katika kamusi ya Cambridge ya mtandaoni, ambazo nazo ni za bure na zina ukurasa maalumu wa sharti kwa hali za kuwazika. Kwa kina cha maelezo na kwa maonyo ya makosa ya kawaida, Cambridge iko mbele. Mtu anayeandika na kutaka kuthibitisha jambo moja haraka aende huko. Kwa mafunzo yenye hatua, ya kuanza, kujipima na kurudia, LearnEnglish inafaa zaidi. BBC Learning English, ambayo imekuwa ikifundisha Kiingereza tangu mwaka 1943 ilipoanza kwa redio, ninaipendekeza kwa masikio: huko ndiko mahali pa kuzoea "I'd" mbili zile mpaka zisikuchanganye.

Kwa wale wanaofika ngazi ya C1, kuna hatua ya mwisho inayostahili juhudi, nayo ni kuondoa "if" kabisa na kutanguliza kitenzi kisaidizi: "Had we been informed, we would have attended", "Were the board to approve the budget, work would begin at once", "Should you need further documents, please let us know." Hii ya tatu si ya kuwaza jambo lisilowezekana, ni ya jambo linaloweza kutokea, na ndiyo maana upande wake wa pili hauna "would". Maumbo haya ni ya barua, ripoti na hotuba, na mtu akiyatumia sokoni ataonekana anasoma risala. Lakini katibu, mwanasheria au afisa wa mradi anayeandika kwa wafadhili akiyamudu, barua yake itapokelewa kwa heshima zaidi. Somo linaloyahusu lipo katika ngazi hiyo ya juu. Aliyekwisha kuelewa kwamba "had" ya upande wa sharti ni "had" kweli, wala si "would" iliyojificha, atalimaliza kwa kikao kimoja, kwa kuwa kilichobadilika ni mpangilio wa maneno tu.